Kazi Isiyo na Tarehe: Kupanga Juma kwa Msaada wa Akili Mnemba

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mwandishi mbele ya maafisa na makarani wa halmashauri moja ya wilaya.)



Mmenitaka nizungumze juu ya matumizi ya msaidizi wa akili mnemba katika kupanga kazi zetu za kila juma. Nimelipokea jambo hili kwa furaha, maana mtu akilichunguza ataona kwamba linahusu kazi yenyewe, na linawahusu wale wanaoingojea kazi hiyo nje ya milango ya ofisi zetu.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Tarehe 30 Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani ilifungua kwa umma programu iitwayo ChatGPT. Mwaka 2023 zikafuata Claude ya kampuni ya Anthropic na Bard ya Google, ambayo Februari 2024 ilibadilishwa jina ikaitwa Gemini. Novemba 2023 Microsoft wakaanza kuyauzia makampuni makubwa msaidizi wao aitwaye Copilot, aliyeunganishwa na barua na kalenda za ofisini. Januari 2025 ChatGPT ikaongezewa uwezo wa kuagizwa kazi ya kufanywa siku na saa maalumu, mathalani kumkumbusha mtu jambo kila Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo katika muda wa miaka michache tu chombo kilichoanza kama mtu wa kuzungumza naye kimekaribia kuwa karani wa ratiba.

Programu hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ya msingi ni kukadiria neno lipi lifuate maneno yaliyokwisha kuandikwa. Kutokana na ufundi huo zinaweza kufupisha barua, kupanga orodha na kuandika rasimu. Lakini yatupasa tukumbuke mipaka yake. Msaidizi huyu hachungulii dirishani akaona mvua. Hajui kwamba barabara ya kwenda kijiji fulani imekatika. Hajui kwamba mkuu wako wa idara ameondoka kwa msiba. Anajua ulichomwandikia, pamoja na yale aliyosoma katika mafunzo yake, au anayofunguliwa mlango ayasome katika barua zako na intaneti. Palipo na pengo huenda akalijaza kwa jambo linaloelekea kuwa kweli, na akaliandika kwa lugha safi isiyo na kigugumizi. Hiyo ndiyo hatari yake.

Pamoja na hayo, manufaa yake ni ya kweli, na sitaki kuyadharau. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Wakati nao ni mali. Wengi wetu kazi zetu zimetawanyika: nyingine zimo katika shajara, nyingine katika barua zilizopigwa muhuri wa kupokelewa, nyingine katika ujumbe wa simu, na nyingine, tena zilizo nzito, zimo kichwani tu. Jumatatu inapofika mtu huanza na kile kilicho juu ya meza, kisha na kile kinachopigiwa kelele. Ijumaa huja akiwa amechoka sana bila ya kuweza kusema amefanya nini.

Hapo msaidizi huyu hufaa. Mtu akikaa nusu saa akamwandikia mambo yake yote, bila mpangilio wowote, atarudishiwa orodha iliyopangwa. Ataonyeshwa kazi mbili zinazoweza kufanywa kwa safari moja. Ataambiwa kwamba ameahidi kazi za saa 52 katika juma lenye saa 40. Jambo hili la mwisho peke yake lina thamani kubwa, kwa sababu aghalabu hatukubali mipaka yetu mpaka tuione kwa tarakimu.

Maagizo atakayopewa yawe dhahiri. Mtumishi anaweza kuandika hivi: “Haya ndiyo mambo yangu ya juma hili. Kila moja nimeliandikia muda ninaodhani litachukua, siku ya mwisho, na mtu anayelingoja. Ninafanya kazi siku tano, kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Uniachie saa moja kila siku bila ya kitu, kwa ajili ya dharura. Usiongeze kazi nisiyoitaja. Penye shaka niulize kabla ya kupanga.” Ukimwagiza namna hiyo atakufaa. Ukimwambia tu “nipangie juma langu” atakupangia juma la mtu mwingine, mtu wa wastani anayeishi katika maandishi, asiyekuwa wewe.

Ndugu zangu, baada ya kumsifu sasa naomba tumpime. Tuchukue mfano wa afisa ugani wa kata. Simtaji mtu, nachukua kazi kama zilivyo. Juma hili ana taarifa ya mwezi inayotakiwa wilayani Ijumaa. Ana semina Jumatano. Ana kikao cha kamati ya maendeleo ya kata Alhamisi. Ana majina ya wakulima ya kuhakiki kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, nayo yana siku ya mwisho. Ana barua nne za kujibu. Tena ana jambo moja zaidi: Jumatatu asubuhi wakulima wawili wa kijiji cha mbali wamempigia simu kusema kwamba majani ya mahindi yao yana matundu, na ndani yake mna unga kama wa msumeno.

Afisa huyu anayaandika yote na kumpa msaidizi. Katika sekunde chache anapata jedwali zuri. Jumatatu na Jumanne, taarifa ya mwezi na uhakiki wa majina. Jumatano, semina. Alhamisi, kikao na barua. Ijumaa, kukamilisha taarifa, na mwisho kabisa, alasiri, yameandikwa maneno haya: kutembelea kijiji, ikiwa muda utaruhusu.

Je, mashine imekosea? Kwa kanuni za ukarani haikukosea hata kidogo. Yenye tarehe yametangulizwa, isiyo na tarehe imewekwa mwisho. Karani yeyote mwangalifu angefanya vivyo hivyo. Lakini tuitazame ile kazi iliyowekwa mwisho. Matundu yale na unga ule ni dalili za kiwavijeshi vamizi, mdudu mwenye asili ya mabara ya Amerika, aliyeripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 na kuthibitishwa Tanzania mwaka 2017. Mayai yake huanguliwa kwa siku chache tu. Kiwavi hupitia hatua sita za kukua kwa muda wa majuma mawili hadi matatu. Akiwa mdogo hula juu ya jani, na hapo anaweza kudhibitiwa. Akikua hushuka ndani ya moyo wa mhindi, na kinyesi chake huziba njia juu yake, hata dawa ikipulizwa humfikia kwa shida. Maana yake ni kwamba siku nne za ratiba, kutoka Jumatatu hadi Ijumaa, zaweza kuwa ndizo tofauti baina ya shamba lililookolewa na shamba lililoliwa.

Taarifa ya mwezi ikichelewa siku moja, afisa atapigiwa simu ya kukaripiwa. Ziara ya shambani ikichelewa siku nne, familia itapungukiwa na chakula mpaka mavuno mengine. Gharama ya pili ni kubwa mno kuliko ya kwanza. Lakini gharama ya kwanza ilikuwa na tarehe, na ya pili haikuwa nayo.

Hapa ndipo ulipo moyo wa mazungumzo yangu. Katika ofisi zetu tarehe hutoka juu. Barua ya mkoa ina tarehe. Waraka wa wizara una tarehe. Mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, uitwao PEPMIS, uliochukua nafasi ya fomu za OPRAS, una tarehe zake. Lakini haja ya mwananchi mara nyingi haina tarehe. Mkulima hapigi simu akasema, “Naomba uje kabla ya Jumatano saa 6 mchana.” Anasema, “Bwana shamba, tusaidie.” Mama anayesubiri katika benchi la zahanati hajaandikwa katika kalenda ya mtu. Pampu ya maji ya kijiji haipeleki barua ya kuomba kutiwa grisi. Hukaa kimya mpaka siku inapokufa, na siku hiyo ndipo inapopata tarehe, tena tarehe ya dharura. Mwanafunzi asiyejua kusoma vizuri hana siku ya mwisho, mpaka mtihani unapomfichua.

Kwa hiyo tunapoimwagia mashine orodha ya kazi zetu, tunaimwagia pia uzito wa ofisi kama ulivyo, wenye sauti wakiwa na sauti na wasio na sauti wakiwa kimya. Mashine haikubuni upendeleo huo. Inauchukua kwetu, inauweka katika jedwali, na inaturudishia ukiwa na sura ya hekima. Zamani mtumishi aliyeisahau ziara ya kijijini alijua moyoni kwamba ameisahau. Sasa anaweza kusema kwamba ratiba haikuruhusu.

Mwaka 1969, Mwalimu Nyerere alipoueleza mkutano mkuu wa TANU juu ya Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, alisisitiza kwamba kupanga ni kuchagua. Alikuwa akizungumzia nchi nzima: fedha ni chache, mahitaji ni mengi, na atakayesema kila kitu ni cha kwanza hajapanga lolote. Juma la mtumishi mmoja ni nchi ndogo. Saa ni chache na mahitaji ni mengi. Msaidizi wa akili mnemba anaweza kupanga kwa maana ya kuweka vitu katika safu. Kuchagua nani angoje na nani asingoje ni kazi ya mtu atakayekutana na huyo aliyengojeshwa, amtazame usoni.

Basi dawa ni nini? Ni ndogo, na haina gharama. Kabla ya kumpa msaidizi orodha, ongeza safu mbili. Katika safu ya kwanza andika: ni nani anayengoja? Katika safu ya pili andika: ikichelewa juma moja, nini kitaharibika? Kisha kila kazi isiyo na tarehe uipe tarehe wewe mwenyewe, kwa mamlaka ya akili yako na ujuzi wako. Yule afisa ugani aandike: “Ziara ya kijijini. Wanaongoja: wakulima wawili na majirani zao. Ikichelewa: viwavi wataingia katika moyo wa mhindi. Mwisho: Jumanne.” Akirudisha orodha hiyo, jedwali litageuka. Ziara itakaa Jumanne asubuhi, barua mbili zitasogezwa juma lijalo, na huenda msaidizi akapendekeza, kwa haki kabisa, kwamba afisa aombe ruhusa ya kuwasilisha taarifa Jumatatu. Hata barua fupi ya kuomba ruhusa hiyo anaweza kuiandikia rasimu. Ni mashine ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mtu amechagua kwanza, na mashine imepanga baadaye.

Jambo la pili ninalotaka kulieleza ni makadirio ya muda. Mwaka 1979 wataalamu wa saikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza tabia ya binadamu ya kudhani kwamba kazi yake itakwisha mapema kuliko inavyokwisha, hata kama kazi za namna ile ile zilimchelewesha mara nyingi huko nyuma. Mwaka 1994 watafiti Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada waliokuwa wakiandika tasnifu. Wanafunzi hao walikadiria kwa wastani kwamba wangemaliza kwa siku 34. Walimaliza kwa wastani wa zaidi ya siku 55. Waliomaliza katika muda waliojikadiria hawakufika theluthi moja.

Sasa mtumishi anapomwandikia msaidizi kwamba taarifa itachukua saa mbili, msaidizi hana njia ya kujua kwamba taarifa ya mwezi uliopita ilichukua saa sita. Atapokea zile mbili na kujenga juu yake jedwali lote. Likisomwa litapendeza, maana ni matumaini yetu wenyewe yaliyopigwa pasi. Lakini Jumanne mchana litakuwa limekwisha kuvunjika, na baada ya majuma matatu mtumishi ataacha kuliamini na kurudi katika kelele za mezani. Dawa yake ni kumbukumbu. Kila Ijumaa, kwa dakika 15, andika kazi ilikadiriwa saa ngapi na ilichukua saa ngapi. Baada ya majuma manne umpe msaidizi hesabu hizo na kumwambia apange kwa muda halisi. Hapo atafanya kazi ambayo sisi tunaifanya vibaya, yaani kukumbuka ukweli unaotuudhi.

Jambo la tatu ni la lugha yetu. Sisi tunahesabu saa kuanzia kuchomoza kwa jua. Saa mbili asubuhi kwetu, katika kalenda za kompyuta ni saa 08:00. Ukimwandikia msaidizi “mkutano saa 8”, ukiwa na maana ya saa 8 mchana, huenda akauweka asubuhi, na wewe ukafika mkutano umekwisha. Hali kadhalika siku. Kwa Waswahili juma huanza na mosi, yaani Jumamosi, ndiyo maana siku ya tatu ikaitwa Jumatatu. Lakini katika utaratibu wa kimataifa wa kuandika tarehe, Jumatatu ndiyo siku ya kwanza, na siku ya tatu ni Jumatano. Aidha, mzee wa pwani akisema “usiku wa Ijumaa” huenda anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kwa kalenda ya ofisini ni Alhamisi. Na sikukuu ya Idi hungoja mwezi uandame. Tarehe iliyotangulia kuandikwa katika kalenda ni makisio. Kwa hiyo andika saa kwa namna zote mbili, yaani “saa 8 mchana (14:00)”, taja siku pamoja na tarehe yake, kisha soma ulichorudishiwa kabla ya kukituma kwa mtu. Dakika mbili za kuhakiki zitawaokoa wajumbe kumi waliosafiri kutoka vijijini.

Jambo la nne ni siri za watu. Kupanga juma hutaja majina: mgonjwa fulani wa kufuatiliwa, mtumishi fulani mwenye shauri la nidhamu, mjane fulani mwenye mgogoro wa shamba. Maneno hayo yakiingizwa katika programu ya kampuni ya nje, yametoka katika jalada lako. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Hata pasingekuwa na sheria, heshima ya kazi ingetosha kutuzuia. Ratiba haihitaji jina la mgonjwa. “Ziara ya nyumbani, saa moja na nusu” yatosha kabisa. Jina libaki katika jalada, nalo jalada libaki kabatini.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nazungumza na wakuu wa kazi, na naomba wasinichoke. Mwaka 1911 Mmarekani Frederick Winslow Taylor alichapisha kitabu juu ya usimamizi wa kazi kwa njia za kisayansi. Fundisho lake lilikuwa kutenganisha kupanga na kutenda: ofisi ipange, mfanyakazi atende, na saa ya sekunde isimame baina yao. Aliandika kwamba katika kiwanda cha Bethlehem Steel, huko Pennsylvania, wapakiaji wa chuma ghafi walikuwa wakibeba wastani wa tani 12 na nusu kwa siku, na kwamba kwa utaratibu wake mtu alifikishwa kwenye tani 47. Ujira ukapanda kutoka dola 1 na senti 15 hadi dola 1 na senti 85. Wapigieni hesabu wapakiaji hao: mzigo uliongezeka karibu mara nne, ujira kwa kiasi cha asilimia 60.

Nayasema haya kwa sababu chombo tunachokizungumza leo kinaweza kutumiwa kwa namna mbili. Kikiwa mkononi mwa mfanyakazi, kitamsaidia kuona juma lake na kulitawala. Kikiwa mkononi mwa mkuu asiye mwangalifu, kitamrudishia Taylor katika vazi jipya: kila dakika ya mtumishi imepangwa na mashine, kila nafasi imejazwa, na saa iliyookolewa Jumanne imekwisha kupewa kazi nyingine kabla mtu hajavuta pumzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa juma na saa 9 kwa siku, na inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo katika juma. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, ulihusu saa za kazi viwandani. Mipaka hiyo ilipiganiwa na watu. Mashine haitaikumbuka ikiwa hakuna aliyeiandika katika maagizo.

Nawashauri wakuu wa idara jambo moja. Msipange juma la mtumishi bila ya yeye kuwapo. Mtumishi ndiye anayejua kwamba mto fulani hauvukiki baada ya mvua, na kwamba siku ya gulio hamna mkutano wa kijiji utakaohudhuriwa. Ratiba aliyoshiriki kuitengeneza ataitetea. Ratiba aliyoshushiwa ataikwepa, na atakuwa na sababu.

Wapo wenzetu wasemao kwamba mambo yote haya ni anasa, kwamba daftari la shilingi chache lilitosha kwa baba zetu na litatosha kwetu. Nawaheshimu, na kwa sehemu wanasema kweli. Mwenye kazi kumi kwa juma hahitaji mashine. Tena umeme hukatika, kifurushi cha simu huisha, na intaneti hupotea siku ile ile unapoihitaji. Kwa hiyo juma lililopangwa kwa mashine linakiliwe katika karatasi Jumatatu asubuhi na kubandikwa ukutani. Lakini mwenye kazi arobaini zinazogongana, na wengi wenu mko hivyo, msaada huu unaweza kumrudishia saa mbili au tatu. Swali ni saa hizo zitakwenda wapi. Mtaalamu wa Uingereza, C. Northcote Parkinson, aliandika katika gazeti la The Economist mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda uliopo. Saa tatu zilizookolewa, zisipopewa kazi iliyo wazi, zitaliwa na barua, vikao na taarifa juu ya taarifa. Zitajeni mapema: saa hizi ni za kijijini, ni za wodini, ni za darasani.

Nina neno pia kwa vijana walioajiriwa hivi karibuni, ambao wamezikuta programu hizi tayari. Kabla ya kufungua simu, chukueni karatasi na mwandike mambo matatu ambayo juma hili yakifanyika, mengine yakiachwa, bado mtaweza kusema mmefanya kazi. Jipeni dakika kumi. Kisha mfungueni msaidizi. Asiyewahi kupima mwenyewe kipi kizito na kipi chepesi hatajua mashine ilipopima vibaya, na siku atakapokuwa mkuu wa idara atapanga kazi za watu wengine kwa mizani asiyoweza kuikagua.

Nimalizie kwa kuyakusanya niliyoyasema. Jumatatu asubuhi, andikeni kazi zote pamoja na wanaozingoja na kitakachoharibika zikichelewa. Kazi isiyo na tarehe ipeni tarehe. Majina ya watu na siri zao yaacheni nje. Mpeni msaidizi saa halisi, wala si saa za matumaini, na mwachie nafasi ya dharura. Someni alichowarudishia, mkikagua saa na siku, kisha mkibandike ukutani. Ijumaa, pimeni kilichofanyika, na jiulizeni swali moja: ni nani aliyengoja juma hili, na je, alistahili kungoja?

Wahenga walituachia neno: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu wa akili mnemba amekwisha kumaliza siku zake mbili, tumemshangilia na kumwogopa vya kutosha. Tumpe jembe. Lakini shamba la kulima, na tuta la kuanzia, tumwonyeshe sisi.